Kusaini Upya

Nyinyi mnaopenda kuitwa wajuzi, hii ni yenu kwanza. Wengine mtasikiliza kwa pembeni, na yeyote atakayejiona humu ndani asinikasirikie mimi. Ni habari za karani mmoja wa stoo katika kiwanda cha sabuni. Mtu mzuri tu. Hakuwa mlevi, hakuwa na kimada, na mkono wake haukuwahi kugusa kitu cha mwenzake. Shikeni hapo, maana tumezoea kudhani kwamba nyumba huvunjwa na chupa au na wanawake wa nje. Ya huyu ilivunjwa na neno moja la Kiingereza, lenye herufi sita.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kupoa. Karani alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa vyumba vyao viwili, na mkewe, hatua mbili tu ndani, alikuwa akipiga pasi sare za shule juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Watoto wao pacha walikuwa chini ya meza hiyohiyo wakigombania kifuniko cha chupa. Mtaa mzima ulimwita mke Mama Pacha, kwa hiyo mumewe kwa haki angekuwa Baba Pacha. Lakini kiwandani walimbatiza Kamusi, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

"Niulize," alimwambia mkewe, akamnyooshea kijitabu.

Mama Pacha alisimamisha pasi. Kiingereza chake hakikuvuka salamu, ila herufi alizijua. "A-pli-kanti."

"Applicant. Mwombaji wa kazi."

"Va-kansi."

"Vacancy. Nafasi iliyo wazi."

"Ahaa. Basi hapa ndani kuna vacancy ya kuosha masufuria tangu asubuhi, na mwombaji simwoni."

Pacha walicheka bila kujua wanacheka nini. Kamusi naye alicheka. "Endelea, bwana. Usinipotezee muda."

"Re-fa-rii. Hee! Huyu si wa mpira huyu?"

"Si wa mpira. Ni mtu anayeulizwa tabia yako unapoomba kazi."

"Wakija kuniuliza mimi yako, natoa kadi nyekundu papo hapo," alisema Mama Pacha, akarudi kwenye pasi yake.

Basi ndivyo walivyokuwa. Mume na mke wanaotaniana, sare zimenyooka, watoto wazima. Nawaambia haya ili mjue ni nini kilichopotea.

Kijitabu kile kilikuwa cha maneno ya Kiingereza kwa kazi za rasilimali watu: kuajiri, kusaili, kupandisha cheo, kuachisha kazi, yote kwa mpangilio huo na maana yake kwa Kiswahili. Kamusi alikipata kwa muuza vitabu chakavu wa barabarani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ndani ya stoo, akivuta vumbi la magadi mpaka kifua kikawa kinamlia kama mlango mbovu. Sasa nafasi ya msaidizi ilikuwa imetangazwa katika ofisi ya rasilimali watu. Meza safi, kiti cha kuzunguka, dirisha. Aliitaka ile kazi hadi akawa anaiota.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Kijitabu kilikuwa kimenyofoka mwishoni. Ukurasa wa mwisho uliobaki ulieleza kwamba neno likianza na "re" maana yake ni tena, au upya. Retrain, kufundisha upya. Rehire, kuajiri tena. Reapply, kuomba tena. Baada ya hapo, gamba tupu. Kamusi aliisifu kanuni ile moyoni. Aliona kwamba mwenye kanuni hahitaji kurasa zilizopotea, maana maneno mengine atajitengenezea mwenyewe.

Na watu walimpa kichwa. Tangu kiwanda kipate tajiri mpya, kila karatasi ilikuwa inakuja kwa Kiingereza, na wafungaji wa sabuni walikuwa wakimfuata stoo wakati wa mapumziko, barua mkononi. Mwanzoni alikuwa akisema, "Hili silijui, nitaliulizia." Kisha siku moja alibahatisha, akapatia, wakampigia makofi. Kuanzia siku ile neno "silijui" lilihama kinywani mwake. Hata watoto wake wakimwuliza kitu cha shule alikuwa na jibu, la kweli au la kupika, na likitoka halirudi.

Jumatatu ikaja na fomu za njano.

Zilitolewa saa ya chakula, katika banda la kulia. Afisa wa rasilimali watu, mwanamke mpole ambaye wote walimwita Madam, alikuja mwenyewe kuzigawa. Alisema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba kampuni mpya inataka kujua kila mtu amechagua nini, fomu zirudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na mwenye swali aende ofisini kwake, mlango uko wazi hadi Alhamisi jioni. Akaongeza, "Karani wa stoo, wewe usijaze kwanza. Una usaili Ijumaa saa nane, tutaona matokeo." Kisha akaondoka. Angeweza kukaa dakika kumi zaidi akawasomea ile karatasi. Hakukaa, na mimi hilo sitamsamehe haraka.

Fomu ilikuwa Kiingereza kitupu. Chini kabisa palikuwa na visanduku viwili vya kuweka tiki. Cha kwanza kilikuwa na maneno mengi, na neno lililoandikwa kwa wino mzito humo lilikuwa "remain". Katika cha pili wino mzito uliandika "resign".

Jueni kwamba kiwanda kizima kilikuwa kimesikia uvumi: tajiri mpya atawapa watu mikataba mipya, minono kuliko ya zamani. Uvumi ule ulikuwa na miguu kila kona. Kwa hiyo macho yote yalimgeukia Kamusi.

Alisimama. Hakuharakisha. Alichukua chaki akaandika juu ya katoni.

"Sikilizeni. Remain, hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Kubaki. Ukiweka tiki hapo umebaki palepale ulipo, mkataba wako wa zamani, na mambo yako ya zamani. Hili la pili ndilo lenyewe. Re ni tena. Sign ni kutia saini. Resign, kusaini upya. Mkataba mpya huo!"

Banda lililipuka kwa vigelegele. Mmoja alisema, "Huyu mtu angezaliwa kwao Wazungu angekuwa profesa."

Mwanamke mzee kuliko wote pale, aliyekuwa akifunga sabuni tangu kiwanda kina mashine moja, na ambaye wote walimwita Shangazi, hakupiga kigelegele. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliishika fomu yake kwa vidole viwili. "Mwanangu, una hakika? Mimi sina pa kukosea."

"Shangazi, nikikudanganya wewe nitamwambia nani ukweli?"

"Haya. Nimekuamini."

Fundi wa boila alikuwa akitafuna huku anakuna shingo. "Mbona mimi nilisikia neno hilo kwenye taarifa ya habari ya Kiingereza? Walisema waziri ka-resign, halafu akaonyeshwa anabeba makabrasha yake na picha za watoto anaondoka ofisini."

Vichwa vikageuka. Kamusi naye moyo ulimruka, lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Si alisaini upya, akahamia wizara nyingine! Ulitaka aache picha za watoto wake?"

Loo, walivyocheka! Hata fundi wa boila alicheka. Lakini yeye alikunja fomu yake, akaenda zake, na baadaye akaweka tiki kwenye "remain", akaitwa mwoga wa maendeleo wiki nzima.

Jioni ile Mama Pacha alikuwa akiwakogesha watoto uani. Alikuwa mfungaji sabuni naye, laini ya pili. Alimwuliza mumewe bila kugeuka, "Lile la fundi limenikaa. Si Madam kasema mlango uko wazi? Kamuulize tu, dakika moja."

"Nimuulize nini?"

"Hilo neno."

"Yaani niende kuuliza maana ya neno kwa mtu yuleyule atakayenisaili Ijumaa? Si ataniuliza nimekuja kuomba kazi gani?"

"Basi niende mimi."

"Ukienda wewe watasema mke wa Kamusi kaja kuulizia maneno. Unataka kunivua nguo hadharani?"

Mama Pacha alimmwagia mtoto maji kichwani, akamfuta macho. Alikuwa na jambo la kusema, akalimeza kwa kuheshimu nyumba yake. Akina mama, hapo ndipo na nyinyi mnaponiumiza.

Jumanne na Jumatano Kamusi alifanya kazi kama mtu mwenye jino bovu. Waziri yule na picha zake za watoto hakumtoka akilini. Alhamisi saa tisa alipiga moyo konde, akapanda ngazi hadi mlango wa Madam, akainua mkono kubisha. Kupitia kioo alimwona ndani msichana mmoja mwenye faili jeupe, mwombaji mwenzake, anazungumza Kiingereza na Madam, wanacheka wote wawili. Kiingereza kilimtoka msichana yule kama maji. Kamusi aliushusha mkono. Alikwenda msalani, akafungua bomba, akanawa uso, akajiambia kwenye kioo, "Re ni tena. Sign ni saini. Acha woga." Akateremka ngazi.

Ijumaa kabla ya saa sita, fomu zote zilikuwa zimerudi.

Saa nane kamili aliketi mbele ya Madam, shati limepigwa pasi na mkewe, kola inamkaba. Usaili ulianza vizuri kuliko alivyoomba. Madam alimwuliza maana ya vacancy, akaijua. Applicant, akaijua. Probation, akaijibu hadi na mfano. Kiingereza chake kilikuwa kikichechemea, lakini maneno ya kazi aliyashika barabara, na Madam alikuwa akiandika huku anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kamusi alianza kukiona kile kiti cha kuzunguka.

Kisha Madam aliweka kalamu chini, akavuta faili la bluu lililokuwa pembeni mwa meza. Alipolifungua, zilikuwa fomu za njano.

"Hebu tuongee Kiswahili kidogo," alisema. "Wewe unakaa na hawa watu, nisaidie. Nimeshangaa sana. Fomu arobaini na moja, karibu laini zote mbili. Kwa nini watu wengi hivi wameamua kuacha kazi?"

"Kuacha... kazi?"

"Ndiyo. Wameweka tiki kwenye resign. Tena tuliwapa nafasi ya kubaki na kila kitu chao. Kuna jambo gani huko chini?"

Jamani. Mtu anaweza kufa na macho yake yako wazi. Kamusi alilitazama faili. Fomu ya juu ilikuwa ya Shangazi. Aliitambua ile saini yake ya kuchora taratibu, herufi moja moja. Ya mkewe ilikuwa humohumo, mahali fulani katikati.

"Kama kuna tatizo niambie," Madam aliendelea, "maana saa kumi dereva anazipeleka makao makuu. Zikishafika kule mimi sina mamlaka nazo tena."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini na tano. Kwa hesabu yoyote ile, alikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi moja: Madam, mimi ndiye niliyewaambia, nilikosea neno. Hilo tu. Kinywa kilifunguka. Akamwona akilini yule msichana wa faili jeupe. Akaiona stoo, akaliona vumbi la magadi. Akawaza kwamba akishapata kazi humu ndani atayarekebisha mambo polepole, kimyakimya, kwa njia za ofisini. Ndivyo alivyojidanganya.

"Wamechoka, Madam," alisema. "Kazi ya sabuni ni nzito. Wengi walikuwa wanangoja nafasi kama hii wapumzike."

"Hata huyu mama mzee?"

"Hasa huyo."

Madam alihema, akafunga faili. "Basi, kila mtu anajua maisha yake." Alimpa mkono. "Hongera. Utaanza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio."

Alishuka ngazi anashika ukuta. Nyumbani walimngoja kwa shangwe. Shangazi alikuja na wenzake wanne, wakaimba, wakamkalisha kwenye kiti chenye mto. Mama Pacha alimshika mabega mbele za watu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mume wangu ofisini! Na mimi na mkataba mpya! Pacha, viatu vya shule hivyo!" Watoto waliruka hadi kitanda kikalia. Kamusi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jumamosi hakula. Jumapili hakula. Mkewe alimgusa paji la uso, akasema ni uchovu wa usaili. Mara tatu alikwenda nyuma ya choo na simu, na namba ya Madam iliyokuwa chini ya tangazo la kazi. Mara ya kwanza na ya pili alikata kabla haijaita. Mara ya tatu iliita, Madam akapokea, akasema, "Haloo? Nani mwenzangu?" Kamusi alisikiliza pumzi yake mwenyewe, akakata. Hakuna atakayeweza kusema kwamba alikosa nafasi. Alipewa moja baada ya nyingine.

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajakikalia kiti chake kipya, Madam alimkabidhi ufunguo wa ofisi na bunda la bahasha nyeupe. "Barua zimetoka makao makuu asubuhi hii. Teremka getini uwagawie wenyewe, walinzi wameambiwa wasiwaingize. Waambie nawatakia heri."

Getini walikuwa wamejipanga, nguo safi, kama watu wanaokwenda harusini. Walipomwona na bahasha walishangilia. "Mikataba hiyooo!" Alisoma majina, sauti yake imekauka. Kila aliyepokea aliipapasa bahasha yake kama kitambaa kipya. Shangazi aliibusu ya kwake. "Sisi wa sabuni tulijikaza kisabuni," alisema, "na Mungu kaona."

Mama Pacha alipopokea yake aliifungua palepale, akaigeuza huku na huku. Kiingereza. Akamrudishia mumewe, uso umemnawiri. "Haya, Bwana Ofisi. Wasomee watu, tusikie wote."

"Tutasoma nyumbani."

"Nyumbani kwa nini? Wote wameandikiwa hivihivi. Soma, bwana!"

"Soma, Kamusi! Soma!" walidakia.

Alisoma. Maneno mengine yalimpita, lakini yale ya kutosha aliyajua sasa. Alisema, bila kumtazama mtu, "Inasema... kampuni imepokea na kukubali uamuzi wako wa kuacha kazi. Kwa kuwa umeacha kwa hiari, hakuna kiinua mgongo. Inakushukuru kwa utumishi wako."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata.

"Nani kaacha kazi?" aliuliza Shangazi. "Mwanangu, mimi sijaacha kazi. Nimesaini upya."

"Shangazi..."

"Si ulisema kusaini upya? Uliandika kwenye katoni. Mimi nilikuuliza, nikakwambia sina pa kukosea!"

Hapo kelele zikapasuka. Tumemwaga unga! Tumekwisha! Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye changarawe na nguo zake safi, akawa anapiga mapaja. Mwingine aliishika nondo ya geti akiita, "Mlinzi, nifungulie, mimi ni wa laini ya kwanza, mashine yangu hiyo!" Fundi wa boila, aliyekuwa upande wa ndani, aliteremsha kofia machoni asiwaone.

Madam alitoka mbio kwa zile kelele. Alipouliza kuna nini, sauti arobaini zilimjibu kwa pamoja, na baada ya muda akaelewa. Alimgeukia Kamusi. "Wewe uliwaambia hivyo?"

"Nilikosea, Madam. Nilidhani..."

Alipiga simu palepale mbele ya geti. Walimsikia akisihi, akieleza, akisihi tena. Kisha akawa anasikiliza tu. Akaishusha simu. "Wamekataa. Wanasema fomu zimeshapokelewa, na watu wengine wameshaitwa." Halafu akamwambia Kamusi, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, "Mimi nilikuuliza. Ijumaa zilikuwa karatasi tu mezani pangu. Ungesema, ningezichana nikawapa nyingine. Rudisha ufunguo wa ofisi."

Mama Pacha alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia. Alimsogelea mumewe polepole. Wengine wakampisha.

"Ijumaa ulijua?"

Kamusi aliikunja barua ile mara mbili.

"Nakuuliza, Baba Pacha. Ulijua saa ngapi?"

"Saa nane. Saa nane na nusu."

"Na fomu zilikuwa wapi?"

"Mezani."

"Yangu ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

"Uliiona ya Shangazi?"

"Ilikuwa ya juu."

"Ukarudi nyumbani, ukakaa kwenye kiti, sisi tukakuimbia." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa imetulia, na hilo lilimtisha Kamusi kuliko kelele zote. "Kukosea neno ningekusamehe leo hii, hapahapa. Neno ni la watu, mtu yeyote anakosea. Lakini hatukufukuzwa na neno. Umetufukuza wewe, na tayari ulikuwa unaijua maana yake."

Akaichukua barua yake mkononi mwa mumewe, akamshika Shangazi kiwiko, wakaondoka wakifuata ukuta wa kiwanda.

Shangazi hakumaliza mwezi katika chumba chake. Alichukuliwa na mtoto wa dada yake, mbali, akalale jikoni. Wengine walitawanyika kutafuta vibarua. Mama Pacha anafua nguo za watu. Anaishi na mumewe bado, anampikia, anamwitikia. Ila hamwulizi kitu chochote tena, hata saa ngapi.

Funzo la hadithi hii

Msije mkasema kwamba kosa ni kujifunza Kiingereza. Jifunzeni, kijana kwa mzee, maneno ya ofisi na ya mikataba hasa, maana ndiyo yanayotuingiza kazini na kututoa. Kamusi alifanya vizuri kujifunza.

Kosa lake lilikuwa kuona haya kusema "silijui", na kosa kubwa zaidi lilikuwa kuona haya kusema "nilikosea" wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuokoa watu. La kwanza ni udhaifu wetu sote. La pili ni ukatili, hata likifanywa na mtu mpole.

Nanyi mnaowapa watu wasiojua Kiingereza karatasi za Kiingereza waweke saini, mkaenda zenu, msijifiche nyuma ya mlango ulio wazi. Wasomeeni kwa lugha yao. Na wewe unayetia saini, usiiazime akili ya mtu mmoja kwa sababu tu anasema kwa kujiamini. Nenda kwa aliyeiandika karatasi, mwambie akueleze, hata kama mumeo ataona aibu.

Aibu ya kuuliza ingemalizika Alhamisi ile ile, kabla hajafika chini ya ngazi. Hii aliyonayo sasa anaamka nayo kila siku, mbele ya mke na watoto wake.